Droo imejaa visu, lakini kisu cha mfukoni bado sijakipata

Shikamoo Mjomba,

Nasoma majibu yako siku nyingi na sijawahi kuandika, kwa sababu shida yangu niliiona ya kitoto. Wenzangu wanakuuliza mambo ya ndoa, madeni na wazazi wanaougua. Mimi nije na visu? Lakini sasa jambo limeingia nyumbani. Mke wangu ameniuliza swali na jibu sina.

Napenda visu vya kukunja. Sizungumzii mapanga wala visu vya jikoni. Nazungumzia kile kisu kidogo anachotoka nacho mtu asubuhi pamoja na simu na funguo, na akirudi jioni kimeshakata kamba, kimefungua bahasha na kumenya tunda bila mtu yeyote kukitilia maanani. Natafuta kimoja tu cha namna hiyo, ambacho nikishakitia mfukoni sitatamani kingine. Nimekitafuta hadi droo mbili zimejaa.

Cha kwanza kilikuwa chembamba, mpini wa mti, ubapa wa chuma kinachobadilika rangi ukikata limau. Kilikata vizuri ajabu. Kikanyeshewa, mti ukavimba, ubapa ukagoma kufunguka hadi kucha ikaniuma, nikaona siyo chenyewe. Nikahamia kwenye kizito chenye shaba kichwani na mkiani, ambacho kikifunguka kinalia "ta!" na kifungio cha mgongoni kinashika barabara. Raha yake kubwa, ila suruali ikawa inashuka upande mmoja. Nikataka chepesi. Nikapata chepesi chenye klipu, unakifungua kwa kidole gumba bila kuuhitaji mkono wa pili. Klipu ikawa inanichoma kiganja nikikata kwa nguvu. Baada ya hapo nikaingia kwenye aina za chuma. D2, S30V, M390, nimepita kote huko, na kila hatua bei ikipanda.

Mjomba, mambo huenda hivi. Kisu kikifika, siku za kwanza ni furaha tupu. Nakata karatasi hewani, nanyoa vinyweleo vya mkono, nakifungua na kukifunga hata nikiwa naongea na simu. Baada ya wiki kadhaa kinaanza kuniangusha. Kamba inateleza badala ya kukatika, boksi linachanika vibaya (mimi nafanya kazi stoo, maboksi nayafungua kutwa). Hapo nakikagua upya na kuona kasoro ambazo sikuziona mwanzo: ubapa haukai katikati kabisa kikifungwa, skrubu moja imezama zaidi ya nyingine. Najua basi siyo chenyewe. Kinaingia droo, naanza kusoma habari za kingine usiku hadi macho yanauma.

Vya karibuni nimekuwa nikielekeza viletwe kazini ili visipitie nyumbani. Mke wangu amekuta risiti. Hakupiga kelele. Alifungua droo, akavitazama, akauliza: "Hivi vyote vinakata nini?" Kisha akaongeza kwamba mchagua jembe si mkulima, akaenda zake. Tangu siku hiyo hatujalizungumza tena, na ukimya wake unanisumbua kuliko ugomvi.

Sasa kuna fundi mmoja anatoa toleo dogo, ubapa wa chuma cha S90V, mpini wa titani. Nimeshaweka jina kwenye orodha na malipo yanatakiwa mwisho wa mwezi. Ni pesa nyingi, na najiambia hiki ndicho cha mwisho. Nilisema hivyo hata kwa kilichotangulia.

Nikilipie au niache? Na kama kisu kamili kipo, niambie ni kipi nikinunue nimalize.

Mpwa wako,
Mtafuta Makali

*

Marahaba, mpwa wangu.

Shida inayomfanya mtu apokelee mizigo kazini ili mwenzake asiione si ya kitoto. Umefanya vizuri kuandika.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta mahali uliponoa kisu, na sikupaona. Umenitajia chuma, mpini, klipu, skrubu iliyozama. Jiwe la kunolea halimo. Halafu wewe mwenyewe umeandika kwamba kila kisu hukuangusha baada ya wiki kadhaa, na kwamba kuanguka huko huanza kwa kamba kuteleza na boksi kuchanika. Mpwa wangu, hicho ni kisu kilichokuwa butu. Hakuna kingine kilichokipata. Hata ukinunua cha bei ya nyumba kitafika hapo hapo, kwa sababu maboksi hayaangalii bei.

Kwa hiyo miaka yote hii hujawahi kulinganisha kisu na kisu. Umekuwa ukilinganisha makali mapya ya kiwandani na makali yaliyochoka ya kisu cha jana, na kwa kipimo hicho, kisu kipya kitashinda daima. Kasoro za ubapa kutokaa katikati zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ulianza kuziona makali yalipokwisha, kwa kuwa ulikuwa unatafuta sababu ya kukiacha.

Tena makali ya kiwandani hayakuambii mengi. Ubapa hupitishwa kwenye mkanda wa msasa unaokimbia, na mara nyingi upande mmoja hutoka na pembe pana kuliko wa pili. Joto la msuguano huumiza kwanza pale palipo pembamba kuliko pote, yaani kwenye ukingo wenyewe. Ndiyo maana wanoaji wazoefu hawakihukumu kisu kabla hawajakinoa kwa mkono wao. Makali ya pili au ya tatu mara nyingi hudumu kuliko yale ya boksini, kwa kuwa chuma kilichochoshwa na mashine kimeshaondoka. Wewe vyote umeviweka droo kabla havijafika huko, kwa hiyo ndani ya droo hizo mbili huenda mna visu vizuri sana ambavyo hujawahi kukutana navyo.

Sasa swali lako la kisu kamili. Kisu kinachoshinda vingine katika kila kazi hakipo, na hili si la kuwalaumu mafundi. Chuma cha kisu kinatakiwa kifanye mambo matatu: kisisagike upesi, kisimeguke kikigonga kitu kigumu, na kisishike kutu. Ukiongeza moja, jingine linalipa. Chukua hicho S90V unachokitamani. Kina vanadi asilimia 9 na kaboni zaidi ya asilimia 2, na ndani yake hujaa chembe ngumu za vanadi na kaboni. Chembe hizo ndizo zinazokifanya kikate muda mrefu ajabu bila kuchoka. Lakini chembe hizo ni ngumu kuliko oksidi ya alumini, ambayo ndiyo vinoo vingi vya kawaida vinatengenezwa nayo. Utasugua jioni nzima, jiwe litakwisha kabla ya kisu. Chuma cha namna hiyo kinataka almasi na mkono unaojua unachofanya. Tena wingi huo wa chembe hukifanya kimeguke kwa urahisi zaidi ukikitumia kupekenyua.

Upande wa pili kabisa wapo Victorinox, watengenezaji wa visu wa Uswisi. Chuma chao kiko kwenye 56 hivi kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, ambacho ni kilaini ukilinganisha na hivyo vya kwako vinavyofika 60 na zaidi. Wapenzi wa visu hukidharau kwa sababu hiyo. Mimi sikidharau hata kidogo. Kikichoka, dakika tano kwenye jiwe lolote la kawaida kinarudi, na kikigonga kitu kigumu hujikunja kidogo badala ya kumeguka, na kilichojikunja hunyooshwa. Katikati ya hao wawili kuna S30V, ambacho kampuni ya Crucible ya Marekani ilikitoa mwaka 2001 kwa ajili ya visu hasa: kromi asilimia 14, vanadi asilimia 4. Umesema umeshapita hapo. Basi chuma cha kukutosha unacho tayari.

Lakini hebu tukiache chuma, maana chuma kimepewa heshima isiyo yake. Chuma huamua makali yatadumu muda gani. Kinachoamua kisu kitapita vipi ndani ya kitu ni umbo la ubapa, hasa unene wake pale nyuma tu ya makali. Chukua tufaha. Kisu chenye mgongo mnene, hata kikiwa cha chuma bora duniani, kitaingia kidogo kisha kitalipasua, utasikia linalia na vipande vinaruka. Kisu chembamba kitapita kimya hadi upande wa pili. Hicho chako cha kwanza, chenye mpini wa mti na ubapa unaobadilika rangi, kwa maelezo yako ni cha ukoo wa Opinel, na ulisema mwenyewe kilikata vizuri ajabu. Nimelishika sana neno lako hilo. Ndicho kisu pekee katika barua nzima ulichokisifia kukata. Vingine vyote umevisifia kufunguka, kulia, na majina.

Joseph Opinel alikianzisha kisu hicho huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Namba 8, iliyo maarufu zaidi, ina ubapa wa sentimita 8.5, na kisu kizima hakifiki gramu 50. Ile pete ya kuzuia ubapa usijifunge iliongezwa mwaka 1955, na zaidi ya hapo umbo limebaki karibu lile lile. Mti kuvimba ukilowa ni tabia yake inayojulikana, na tiba yake pia inajulikana: kikaushe, usugue mpini kwa mafuta ya kitani, hasa ndani ya ule mfereji ubapa unapolala, uyaache yanywewe, urudie kila yanapokauka. Na siku kikigoma, usiumize kucha. Legeza pete, kishike mpini, gonga kitako chake kwenye ukingo wa meza. Ubapa unajitokeza wenyewe kiasi cha kushikika. Watu wa Savoie hufanya hivyo tangu zamani. Hukukiacha kisu hicho kwa kuwa kibaya. Ulikiacha kabla hamjazoeana.

Kile kizito chenye shaba ni umbo lililoenea kupitia kisu cha Buck 110, iliyotoka miaka ya mwanzo ya 1960 kule Marekani. Kina uzito wa gramu 200 hivi. Kilibuniwa kwa ajili ya mwindaji, kikae kwenye ala ya mkanda kiunoni. Ukikitia mfuko wa suruali lazima suruali ishuke. Kisu hakina kosa, kimepewa kazi isiyo yake. Na kile cha klipu na kufungulia kidole gumba ni mtindo uliopata nguvu mwaka 1981, Sal Glesser wa kampuni ya visu ya Spyderco alipotoa kisu chenye klipu mpinini na tundu la duara kwenye ubapa. Klipu inayochoma kiganja mara nyingi imefungwa kwa skrubu mbili tatu tu. Ing'oe, ukitie kisu mfukoni bila klipu kwa muda uone. Ubapa usiokaa katikati nao, mara nyingi ni kulegeza au kukaza skrubu ya bawaba kidogo sana, halafu tone la mafuta.

Nikisema ninavyoamini, kazi kubwa ya kisu cha mfukoni ilishamalizwa kabla ya mwaka 1900. Opinel 1890. Kisu cha maafisa cha Karl Elsener, ambacho leo tunakiita kisu cha jeshi la Uswisi, 1897. Vilivyofuata vimeongeza urahisi: mkono mmoja, klipu, kifungio imara, chuma kisichochoka upesi. Urahisi ni kitu kizuri, sikubezi wewe unayeupenda. Ila unatakiwa kujua kwamba unachofukuzia sasa ni robo ya mwisho ya ubora, na kila robo ya robo hiyo inakugharimu zaidi ya iliyotangulia.

Mkeo amekuuliza swali ambalo fundi yeyote wa visu angekuuliza kabla ya kukuuzia: hivi vyote vinakata nini? Jibu umelitoa katika mabano, kana kwamba si muhimu. Maboksi, kutwa. Karatasi ngumu ya maboksi ni adui mkubwa wa makali, hasa iliyotengenezwa kwa karatasi kuukuu, kwa kuwa hubeba ndani yake chembechembe za vumbi na madini zinazosaga chuma. Ukifungua shehena nzima kwa kisu cha kukunja, hakuna D2 wala M390 itakayokuridhisha. Kazi hiyo mpe kisu cha stoo, kile cha wembe wa kubadilisha. Wembe ukichoka unautupa, unaweka mwingine, hakuna huzuni. Najua hutaki kusikia hivyo. Mpenzi wa visu anataka kisu chake kifanye yote. Lakini jaribu kukiondolea maboksi kisu cha mfukoni, ubaki nacho kwa kamba, bahasha, selotepu, tunda la mchana na uzi uliochomoza kwenye shati. Utashangaa makali yanavyodumu. Pengine utagundua pia kwamba kwa kazi hizo chepesi na chembamba kinatosha kabisa, na kwamba kifungio cha kustahimili mtikisiko wa dunia hukukihitaji.

Hapo niguse sheria kidogo, maana watu huisahau hadi siku ya kushikwa. Kuna nchi ambako kifungio na ufunguaji wa mkono mmoja, vile vile vinavyosifiwa, ndivyo vinavyokuweka matatani. Uingereza unaruhusiwa kutembea hadharani na kisu cha kukunja bila kueleza sababu kama ubapa wake hauzidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na hauna kifungio. Ukizidi hapo au ukiwa na kifungio utaulizwa sababu. Ujerumani nao wanabana visu vyenye kifungio vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Spyderco walibuni hata kisu kisicho na kifungio kwa ajili ya soko la Uingereza. Popote ulipo, soma sheria ya hapo kabla hujachagua cha kutoka nacho, na ukipanda ndege kiende kwenye begi la kupakiwa, kisiende mfukoni.

Sasa tunoe, kwa sababu bila hili mengine yote niliyosema ni hadithi.

Kaa mezani chini ya taa moja kali. Toa kile cha kwanza, chenye mpini wa mti, maana chembamba na chuma chake cha kawaida ndicho mwalimu mwema kuliko hivyo vingine. Elekeza makali juu, uyatazame kutoka shina hadi ncha. Makali yaliyo hai hayaonekani, mwanga hauna pa kutua. Ukiona mstari mweupe mwembamba au vinukta vinavyometa, hapo pamelala. Chukua kalamu ya wino mzito upake ule mteremko wa makali pande zote mbili. Jiwe liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Kwa pembe, chukua kona ya karatasi, ambayo ni digrii 90. Ikunje upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Mgongo wa kisu ukae chini kidogo tu ya hapo.

Pitisha mara mbili tatu, kisha simama utazame wino. Ukiwa umefutika upande wa juu, kuelekea mgongoni, peke yake, umekilaza mno. Ukifutika pale ukingoni peke yake, umekiinua mno. Ukifutika wote, pembe umeipata, na iliyobaki ni subira. Endelea upande huo huo. Kila baada ya muda pitisha kidole taratibu upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe usifuate urefu wa makali. Itafika mahali kidole kitahisi kijiukingo kinachokwaruza, chembamba kuliko unywele. Kikienea kutoka shina hadi ncha, upande huo umekamilika. Watu wengi huacha kabla hawajakipata, na hao ndio wanaosema kunoa hawawezi. Geuza kisu, fanya vivyo hivyo hadi kijiukingo kihamie upande wa pili. Kisha punguza nguvu, badilisha upande kila pigo, na malizia kwa kukiburuta kinyumenyume juu ya ngozi ya mkanda wa zamani, hadi kidole kisihisi mkwaruzo wowote.

Usikate tamaa mara ya kwanza ikitoka vibaya. Chuma cha kawaida kinasamehe. Siku utakapokata karatasi kwa makali uliyoyaweka mwenyewe, utakitazama kisu hicho kwa namna ambayo hakuna kisu kilichotoka boksini kimewahi kukufanya ukitazame. Hapo ndipo uchague. Baki nacho mfukoni, kikichoka kinoe, kikichoka tena kinoe tena. Ukiwa umeshakinoa hivyo mara kadhaa na bado kuna kitu kinakukera, labda ufupi, labda uhitaji wa mikono miwili, hapo una sababu ya kweli. Nenda droo, maana kinachofaa karibu kwa hakika kimo humo, nacho ukinoe kabla ya kukihukumu.

Kuhusu mkeo. Methali aliyokupiga nayo ni kali na ina haki upande mmoja, lakini sikubali kwamba kupenda visu ni upotevu. Mkusanyaji wa stempu haulizwi ametuma barua ngapi. Kisu kizuri ni kazi ya mikono, kina hesabu na uzuri wake, na mtu anaweza kukiweka kwa sababu tu kinamfurahisha kukishika. Shida yako ni kwamba umekusanya huku ukijiambia unatafuta, na kwa jina la kutafuta umetumia pesa za nyumba kwa siri. Kutafuta hakuna kikomo, kwa kuwa kila kikifika hakiwi chenyewe. Kukusanya kunaweza kuwekewa kikomo, kwa sababu unakiri kwamba ni furaha, na furaha hupangiwa bajeti na watu wawili.

Toa visu vyote mezani, mkeo akiwepo. Si kwa ajili ya kujitetea. Mweleze kila kimoja ulikipendea nini. Vile ambavyo ukivishika sasa bado moyo unaruka, viweke upande mmoja. Hivyo ni mkusanyiko wako, mpatie mahali pazuri pakavu. Vile ulivyovinunua kwa kuwa kingine kilikuwa butu, uza. Visu vilivyotunzwa vina wanunuzi, na pesa hiyo irudi nyumbani, yeye aione ikirudi. Kisha mkubaliane kiasi cha mwaka na kwamba mizigo yote itafikia mlango wa nyumba. Huenda akanyamaza tena. Mpe muda, alichofichwa si kisu tu.

Na hicho cha S90V usikilipie. Kwa mtu asiyenoa, tofauti yake na ulivyonavyo ni kwamba kitachelewa kuwa butu, halafu utabaki na kisu butu cha gharama kubwa ambacho jiwe la kawaida halikiwezi. Hakitakuwa cha mwisho. Ukishajua kunoa na bado ukakitamani, visu vya namna hiyo vitakuwepo, na utakinunua ukijua ni cha mkusanyiko. Mwandikie fundi leo, kwa adabu, kabla ya tarehe ya malipo, aondoe jina lako ampe aliye nyuma yako kwenye orodha. Kisha kwa sehemu ndogo sana ya pesa hiyo nunua bamba la almasi lenye pande mbili, upande mmoja wa namba 300 au 400 na wa pili wa 600 kwenda juu. Hilo litanoa kila kilichomo kwenye droo zako, pamoja na visu vya jikoni vya mkeo.